Mtoto anapigana na chupa? Angalia kwanza analia wakati gani

Haya mama zangu, hii naiandika kwa simu mtoto kalala kifuani, kwa hivyo mkiona imeruka ruka mtanisamehe.

Huyu ni wangu wa pili. Alianza chupa akiwa na wiki 5, mchana maziwa yangu ya kukamua na usiku ya kopo (ya unga) kidogo, manake mimi nafanya kazi gesti kule Shela, hapa Lamu, na nilijua ile miezi 3 ya likizo ikiisha sina ujanja. Siku mbili za kwanza sawa. Ya tatu akaanza vituko, anafyonza kidogo kama ml 20 hivi, anaachia, anajipinda mgongo kama upinde, anakunja ngumi na kulia mpaka jirani wa darini anauliza kwani kuna nini. Na mimi nikafanya lile kosa ambalo nadhani wengi wetu tunalifanya, nikabadilisha kila kitu kwa pamoja. Wiki moja tu: makopo mawili tofauti, chuchu tatu, chupa mpya, dawa ya gesi, mamangu akamsugua tumbo kwa mafuta ya nazi, mama mkwe akasema huyu kapigwa jicho akasomewe. Akasomewa, na dua siikatai, lakini chupa ilipokuja tena na kilio kikaja tena. Pesa imekwisha na sijajua tatizo ni kopo, ni chuchu, ni tumbo ama ni mimi.

Siku ya chanjo ya wiki 6 nesi wa kliniki akaniambia mpe hapa hapa nikuone. Nikampa. Kaangalia kama dakika mbili, akaniuliza, "Mamake, huyu huwa analia akianza, akiwa katikati, ama akimaliza?" Sikuwa na jibu wallahi. Wiki nzima nimekesha na kile kilio na sijui kinaanza wakati gani.

Basi mwongozo wote huu umesimama kwenye lile swali la nesi.

Kabla sijaenda mbali: kama mtoto yuko chini ya miezi 6 na unaweza kumnyonyesha mwenyewe, titi ndio la kwanza na hakuna kopo linalolifikia, hata kliniki watakwambia hivo. Hii ni kwa ajili ya wale ambao chupa ishaingia nyumbani kwa sababu zao, kazi, maziwa hayatoshi, mama mgonjwa, pacha, mtoto analelewa na bibi. Sitaki mtu aje kumsema mwenzake hapa.

HATUA YA 1: siku moja nzima usibadilishe kitu chochote, andika tu

Chukua karatasi yoyote, mimi niliandika nyuma ya kalenda ya duka. Kila chupa andika saa, amekunywa ml ngapi, amechukua dakika ngapi, na alilia WAKATI GANI: kabla chupa haijaingia mdomoni, mara tu ilipogusa ulimi, baada ya kumeza meza kidogo, mwishoni, ama nusu saa baadaye ameshalazwa. Pampasi zenye mkojo pia zihesabu. Siku moja yatosha, mbili ni bora zaidi.

Najua unasema mtoto anapiga mayowe halafu nikae kuandika kama karani wa bandarini. Lakini ukishakuwa na hiyo karatasi unaruka moja kwa moja kwenye hatua inayokuhusu, na baada ya hapo unabadilisha kitu KIMOJA tu, unakaa nacho siku mbili tatu, ndio unajua kimesaidia ama hakikusaidia. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo umerudi nilikokuwa mimi.

HATUA YA 2: ana njaa kweli?

Kwetu mtoto akilia jibu ni moja. Mama mkwe wangu mtu wa Pate, akisikia mlio tu, "mwana ana ndaa huyo, mpe," hata kama chupa imekwisha dakika 20 zilizopita. Sasa mtoto aliyeshiba ukimsukumia chuchu tena atageuza uso, atasukuma kwa ulimi, atalia, na hapo unasema anasumbua chupa wakati yeye anakwambia ameshiba na humsikii.

Kwa mtoto wa miezi ya mwanzo anayekunywa kwa chupa tu, kadirio ni kama ml 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa masaa 24. Mwenye kilo 5 ni ml 750 kwa siku nzima, ukigawa mara saba au nane inakuja karibu ml 100 kila mara. Ni kadirio tu, kuna chupa atakunywa 70 na nyingine 130, usianze kumlazimisha amalize. Tazama jumla ya siku, tazama mkojo (kuanzia siku ya tano hivi tangu kuzaliwa, pampasi 6 au zaidi zenye mkojo kwa siku ni nzuri), na tazama mstari wa uzito kwenye buku la kliniki. Mstari ukipanda vizuri, hiyo ml 20 iliyobaki chupani imwage ulale.

Na kinyume chake: usingoje mpaka alie ndio ukachemshe maji. Kilio ni njaa ya mwisho mwisho. Kabla yake huwa anageuza kichwa kama anatafuta, analamba midomo, anatia ngumi mdomoni. Ukimpa chupa mtu ambaye keshakasirika hawezi kufyonza kwa mpangilio, anameza hewa, anapaliwa, halafu lawama inaenda kwa kopo. Akiwa ameshafika huko mtulize kwanza, mbebe begani, tembea naye, akipoa ndio chupa.

HATUA YA 3: analia mwanzo, chupa ikigusa tu mdomo ama hata akiiona

Hapa sababu ni nyingi kidogo, pitia moja moja.

Pua. Kichanga akifyonza anapumua kwa pua, pua ikiziba anakuwa kama mtu aliyezamishwa, lazima aachie alie. Nyumba zetu na udi na ubani, mama wa arubaini anafukizwa, chumba kimejaa moshi na kichanga yumo humo humo. Mfukize mama lakini mtoto mtoe chumba kingine kwanza, moshi utulie. Pua ikiwa imeziba kuna matone ya maji ya chumvi duka la dawa, unatia tone moja moja, unangoja dakika chache, ndio unampa maziwa. Usitengeneze yako nyumbani.

Mdomo. Mfungue umtazame ulimi na ndani ya mashavu. Ukiona utandu mweupe, jaribu kuufuta kwa kitambaa laini chenye maji. Ukitoka ni maziwa tu. Usipotoka, ama chini yake pekundu panatoa damu, huo ni ukungu wa mdomoni na unauma, mpeleke hospitali apewe dawa, na chuchu zote zichemshwe kila siku. Kama ananyonya pia, na wewe waambie wakuangalie matiti, msije mkawa mnaambukizana huku na huku.

Sikio. Huyu huanza kufyonza kwa hamu, akimeza tu analia, na ukimlaza analia zaidi, saa zingine na homa. Hapo ni daktari, usimtie mafuta ya moto sikioni hata akikwambia nani.

Chupa yenyewe ni mgeni. Mtoto aliyezoea titi ananusa maziwa yako kutoka mlangoni, kwa nini akubali mpira? Mwache mwingine ampe, babake, bibi, shangazi, na wewe utoke kabisa, siyo kujificha nyuma ya pazia. Mimi nilitoka mpaka nikakaa barazani na bado nilikuwa nasikiliza. Chuchu itie kwenye maji ya moto kidogo ipate joto kabla ya kumpa, amfunge kwa leso uliyolala nayo, na ajaribu mtoto akiwa na njaa ya wastani tu, siyo njaa ya kufa. Asimsukumie, aguse mdomo wa chini, angoje afunguke mwenyewe.

Na kuna la mwisho ambalo ndio baya kuliko yote: mtoto kaishaichukia chupa kwa sababu amelazimishwa. Ameshikwa kichwa, amebanwa mikono, chuchu imesukumwa huku analia. Sasa akiona chupa tu analia, ila akiwa usingizini nusu anakunywa vizuri. Huyu dawa yake ni kuacha vita. Akigeuza uso, toa chupa. Akilia, toa. Mpe tena baadaye kidogo. Siku za kwanza atakunywa kidogo kidogo na utaogopa, kwa hivyo hili lifanye ukiwa unawasiliana na kliniki wanampima uzito, usilifanye peke yako kwa mtoto mdogo sana ama ambaye uzito wake ushaanza kushuka.

HATUA YA 4: analia katikati (hapa ndipo wengi wetu tulipo)

Wangu alikuwa hapa. Anaanza vizuri, kwa hamu kabisa, halafu ml 20 au 30 vurugu. Mara nyingi hii ni kasi ya maziwa.

Yakija kwa kasi sana utaona macho yametoka, vidole vya mikono vinatanuka, paji la uso linakunjana, anameza kwa sauti gluk gluk gluk bila kupumzika, maziwa yanavuja pembeni mwa mdomo, anapaliwa, anajivuta nyuma. Huyo hana gesi wala jicho, anajaribu kupumua tu. Fikiria mtu akushikie kata ya maji mdomoni na asiishushe.

Yakija polepole mno ni vingine: anafyonza kwa nguvu mpaka chuchu inabonyea, anaachia kwa hasira, anaitafuna, anapiga chupa mateke, anachukua zaidi ya nusu saa kwa chupa moja ama analala kwa uchovu kabla hajashiba halafu anaamka baada ya dakika 40 kulia njaa.

Kujaribu ni rahisi. Pindua chupa yenye maziwa chini, usiikamue. Yatone tone, tone, tone. Yakichuruzika kama mfereji hiyo chuchu siyo ya kichanga. Yasipotoka kabisa angalia kama tundu limeziba, kopo lisilokorogeka vizuri linaacha madonge, na wenye maji magumu watakuta ukoko mweupe kwenye tundu. Chuchu nyingi zina namba, 0 ama 1 ni za vichanga, zinapanda hivo, lakini namba 1 ya kampuni hii si lazima ilingane na namba 1 ya ile, kwa hivyo amini matone. Mimi duka nililonunua nilisema tu nataka chuchu, nikapewa 3 kwenye mfuko wa nailoni bila boksi, kufika kliniki nesi anazigeuza anaona 2, 2 na nyingine haina hata namba. Na nilikuwa nimeshapanda kutoka ya kwanza nikidhani mtoto anataka kubwa!

Chuchu ikiwa inabonyea kila mara legeza kidogo kile kifuniko cha kuzungusha, hewa iingie. Sio sana, yatamwagika yote kwenye kanzu ya babake Ijumaa.

Na tafadhali hii habari ya kutoboa chuchu kwa sindano ya moto ama kukata kwa wembe ili "maziwa yashuke" tuiache. Wembe haupimi. Ukishakata huwezi kurudisha, na kile kipande cha mpira kinaweza kukatika kikamkaba. Hali kadhalika kutia uji ama biskuti za kusaga kwenye chupa ili ashibe alale, kabla ya miezi 6 tumbo halijawa tayari na ni rahisi kupaliwa.

HATUA YA 5: namna ya kumshika

Nesi alicheka aliponiona. Mtoto nimemlaza chali kabisa mapajani, chupa imesimama juu yake wima. Akaniambia, mamake, hiyo chupa umeifanya mlingoti, ilaze kama mashua.

Fanya hivi. Kaa uegemee, mgongo wako utulie, manake ukichoka wewe mkono utaanza kutetemeka. Mtoto mkalishe nusu wima, kichwa kiko kwenye kiwiko chako, shingo isikunjane wala isining'inie nyuma. Chupa ilale karibu sambamba na sakafu, inyanyuke kidogo tu kiasi chuchu iwe na maziwa. Gusa mdomo wa chini, ngoja afungue kinywa kipana, aichukue mwenyewe mpaka ndani, siyo ile ncha tu. Hesabu anavyomeza, kila baada ya mara 5 mpaka 8 hivi ama ukiona vidole vinaanza kutanuka, ishushe chupa maziwa yatoke kwenye chuchu, chuchu ibaki mdomoni ama itoe kabisa, apumue. Akitaka tena atavuta mwenyewe. Nusu ya chupa mbadilishe mkono, wa kushoto na wa kulia, kama titi. Yote ichukue kama dakika 15 hadi 20. Dakika 5 ni mbio, hata kama bibi atamsifu "huyu ana hamu."

Mara ya kwanza nilipofanya hivi alilia kwa sababu nilikuwa nasimamisha chupa na yeye hajazoea. Siku ya pili akaelewa. Siku ya tatu, nikishachukua chuchu moja tu ya matone na kumweka nusu wima, akamaliza ml 90 bila kupigana, nikakaa na chupa tupu mkononi naiangalia.

Chagua na pa kukaa. Akifika miezi 3 au 4 dunia ishamnogea, akisikia punda analia kichochoroni anaachia chuchu, paka amepita anaachia, adhana anaachia, muuza samaki huyo anapiga kelele basi kwisha. Hiyo si kusumbua, ni udaku. Nenda naye chumba cha ndani, zile nyumba zetu za mawe kuta nene ndio faida yake, kimya na baridi, simu iweke mbali.

Usimwache na chupa imeegemezwa kwa mto, hata dakika moja ya kugeuza chapati. Akipaliwa hawezi kugeuka.

HATUA YA 6: analia mwishoni ama baada

Hewa. Msimamishe begani ama mkalishe mapajani ukimshika kidevu (siyo koo), msugue mgongo kwenda juu, kwa upole, dakika chache. Akibeua alhamdulillahi, asipobeua baada ya dakika 5 hivi achana naye, si lazima kila mara. Kwa mwenye kulia katikati mbeulishe katikati pia, lakini akiwa anafyonza kwa raha usimkatize eti muda wa kubeua umefika.

Ukitikisa chupa kama unatikisa embe mtini povu linajaa, na povu ni hewa. Izungushe taratibu, ngoja kidogo povu lishuke.

Kucheua kidogo kidogo ni kawaida kwa wengi, mtoto akiwa mchangamfu na uzito unapanda ni kazi ya kufua tu. Mbebe wima kama nusu saa baada ya kula, usimfunge pampasi kwa kukaza tumbo, mpe kidogo mara nyingi badala ya chupa kubwa. Lakini kulala alale chali, kitandani pa tambarare, bila mito, hata kama anacheua.

HATUA YA 7: maziwa na maji

Hapa kisiwani maji yana habari zake. Yale matamu yanatoka kwenye vilima vya mchanga vya Shela, lakini visima vingi vya majumbani vina chumvi, na chumvi haitoki kwa kuchemsha, ukichemsha maji yanapungua chumvi inabaki pale pale, inazidi kukolea. Maji yenye chumvi usikorogee kopo la mtoto, figo zake ndogo. Ukiyaonja wewe ukasikia chumvi hayamfai, tafuta ya kununua ama matamu, na bado uyachemshe.

Chemsha yakatokote, yaache yasizidi nusu saa, yakiwa bado moto (digrii 70 na zaidi) ndio unakoroga, manake unga wa kopo hauna uhakika wa kuwa hauna vijidudu na ule moto ndio unaviua. Maji kwanza kwenye chupa kwa kipimo, halafu unga, kijiko kile kile kilicho ndani ya kopo, kikwanguliwe juu kiwe sawa. Makopo mengi ni kijiko kimoja kwa ml 30 lakini soma kopo lako. Usipunguze unga ili kopo lifike mwisho wa mwezi, mtoto anabaki na njaa na anaweza kuumwa vibaya, na usizidishe ili anenepe, hapo ndio kinyesi kinakuwa kigumu na kilio juu. Halafu poza chupa kwenye beseni la maji baridi, jaribu tone kwenye kifundo cha mkono wako upande wa ndani, liwe vuguvugu. Usiku maji ya moto yaweke kwenye thamosi safi iliyojaa na kufungwa vizuri, yanashika moto masaa kadhaa, stima ikipotea huna presha.

Chupa iliyokorogwa na haijaguswa, masaa 2 basi. Akishaigusa kwa mdomo, saa moja, iliyobaki mwaga. Najua bei ya kopo inauma. Mwaga.

Maziwa ya kukamua yanakaa kama masaa 4 chumba cha digrii 25, ila Machi hapa kwetu kaskazi imeisha na kusi haijaja nani ana chumba cha digrii 25? Friji moja kwa moja, humo siku 4, ama kikapu chenye barafu. (Pale kazini kwangu chumba cha kukamulia ni stoo ya mashuka, na sheria ya afya ya Kenya ya 2017 inataka mwajiri aweke mahali pa maana, lakini hiyo ni siku nyingine.) Kama mtoto anakataa maziwa yako yaliyotoka friji lakini yaliyokamuliwa sasa hivi anakunywa, yanuse. Yakinuka kama sabuni hayajaharibika, maziwa ya baadhi ya akina mama yana kimeng'enya kingi kinachovunja mafuta yake. Siku nyingine ukimaliza tu kukamua yapashe mpaka vipovu vitokee pembeni, yasichemke, yapoze haraka ndio uweke. Shoga yangu mmoja alimwaga maziwa ya wiki nzima akidhani friji ni mbovu.

Kubadilisha kopo iwe karibu mwisho wa orodha. Sababu ya kweli ipo, kuna watoto wana aleji ya maziwa ya ng'ombe, lakini hao huwa na dalili nyingine pia, damu ama makamasi kwenye kinyesi, ngozi yenye ukurutu, kutapika sana, na kopo lao linachaguliwa na daktari. Maziwa ya mbuzi ya jirani hapana. Maji matupu hapana, asali hapana mpaka atimize mwaka.

HATUA YA 8: kama analia jioni tu

Karatasi yako ikionyesha mchana wote yuko sawa na kuanzia magharibi mpaka saa nne usiku ndio vurugu, na yuko kati ya wiki 3 na miezi 3, chupa huenda haina hatia. Kilio cha vichanga huwa kinapanda, kinafika kilele karibu wiki ya 6, halafu kinashuka, mpaka miezi 3 au 4 kimetulia. Wazee wanaita chango. Mbebe, mwogeshe maji ya vuguvugu, punguza taa na wageni. Wageni! Kichanga aliyepokezanwa na mashangazi tisa tangu alasiri lazima alie. Na siku ya chanjo, wiki 6, 10 na 14, na kesho yake, msamehe.

Ukifika pale unataka kumrusha, na tunafika, mlaze chali mahali salama, funga mlango, nenda uwani dakika 5 au 10 unywe maji. Kulia hakumuui. Kumtikisa kunaweza kumuua.

HATUA YA 9: chupa ikishindikana kabisa, kikombe

Hii wengi hawaijui na hapa kwetu kifaa kipo kila nyumba: kikombe kidogo cha kahawa. Kikombe kinasafishika kuliko chupa, hakina kona za kuficha uchafu, hata watoto waliozaliwa kabla ya siku wanalishwa kwacho hospitali. Mtoto awe macho, mkalishe wima, mfunge leso mikono isipige, kikombe kijae nusu, ukingo ukae kwenye mdomo wa chini, ukiinamishe mpaka maziwa YAGUSE tu midomo. Usimimine. Atalamba kwa ulimi kama paka, kisha atajifunza kunywa. Kidogo humwagika, weka kitambaa. Mwambie wa kliniki akuonyeshe mara ya kwanza. Mamangu ndio alimlisha hivi siku zangu za kwanza kazini, maana mikono yake ina baridi yabisi na kuosha chupa ni taabu.

Chupa, chuchu na kikombe vyote osha kwa maji ya moto na sabuni, brashi ifike ndani, kisha chemsha dakika 10 vikiwa vimezama vyote.

HATUA YA 10: haya usisubiri, ondoka

Homa ya 38 na zaidi kwa mtoto chini ya miezi 3. Matapishi ya kijani. Kutapika kwa nguvu kunaruka mbali kila baada ya chupa, haswa kati ya wiki 2 na 8. Damu kwenye kinyesi. Amekataa kula kabisa, chupa mbili tatu mfululizo. Pampasi kavu masaa 6 hadi 8, utosi umebonyea, analia bila machozi na zamani alikuwa nayo. Amelegea, haamki vizuri. Anapumua mbio, mara 60 na zaidi kwa dakika akiwa ametulia kwa mwenye chini ya miezi 2, ama mbavu zinaingia ndani. Anageuka bluu midomoni ama anatokwa jasho jingi kila akinyonya.

Mjini hospitali ya King Fahd unafika kwa miguu ama kwa boti. Walio Kipungani, Matondoni ama ng'ambo Pate, namba ya nahodha iwe kwenye simu na simu iwe na chaji, na uamuzi ufanye kabla giza halijaingia, manake kuna sehemu maji yakitoka boti haikaribii na utangoja mpaka yajae. Beba chupa na chuchu ile ile anayotumia, kopo lake, buku la kliniki na ile karatasi uliyoandika masaa. Daktari atakuuliza swali lile lile, analia wakati gani.